Ufa usifichwe kwa rangi

Familia nyingi zilizokimbia vita upande wa Beni, Kanyabayonga na Mangurudjipa zinaishi hapa Butembo, na nyingine zimeingia katika nyumba zisizokwisha kujengwa. Mtu anauliza kwanza kama mvua haiingii. Nyufa anaziangalia mwisho. Maoni yangu ni haya: mwenye nyumba anayepaka simenti na rangi juu ya ufa ili apangishe haraka anaficha jambo ambalo mpangaji ana haki ya kulijua.

Betoni inavumilia sana kubanwa. Kuvutwa inavumilia karibu sehemu moja tu ya kumi ya hapo, ndiyo sababu masoni anatia vyuma ndani. Ikichanganywa na maji mengi, inapokauka inanywea na kupasuka. Na ufa hauendi sawa kama kamba: unazunguka kokoto, unatoa matawi. Ukisogea karibu, tawi dogo linafanana na ufa mzima, kama vile vijito vinavyoingia Kimemi vinavyofanana na mto wenyewe.

Maumbo ya namna hiyo Benoît Mandelbrot aliyaita fraktali mwaka 1975, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilichovunjika. Naye alikuwa mtoto wa wakimbizi: familia yake ilihama Poland kwenda Ufaransa mwaka 1936. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba hata chuma kikivunjika, uso wake una umbo hilo.

Hiyo inatufaa nini? Kama kidogo kinafanana na kikubwa, basi umbo peke yake haliwezi kukuambia hatari. Hata picha ya simu haisaidii kama hukuweka kalamu au sarafu kando ya ufa. Tuulize mambo matatu.

Uko wapi? Nyuzi nyembamba juu ya simenti ya ukuta mara nyingi ni za kukauka tu. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha unaweza kuonyesha kwamba msingi unashuka. Ulio kwenye nguzo, au wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, usilaze mtoto chini yake. Ita fundi siku hiyohiyo.

Una upana gani? Kwa betoni yenye vyuma, wajenzi wengi wanakubali mpaka milimita 0.3 hivi. Ukitoa kutu, chuma ndani kimeanza kuliwa.

Unatembea? Bandika kipande chembamba cha simenti kukatisha ufa, andika tarehe. Hicho ndicho shahidi. Kikikauka vizuri kisha kikapasuka, ufa bado unatembea.

Mtaniambia mkimbizi hana nafasi ya kuchagua. Ni kweli. Kwa hiyo mzigo huu usiachwe kwake. Mashefu wa kartie wapite pamoja na masoni, waweke mashahidi hao katika nyumba zinazopokea familia, na warudi kuyaangalia kila mwezi. Gharama yake ni konzi chache za simenti.

Tusisahau pia kwamba ardhi yetu inatikisika. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la upande wa Ruwenzori liliua watu Beni na Uganda.

Watu waliookoka risasi wasije wakauawa na ukuta. Rangi inanyamazisha ufa, haiuponyi.