Fokali pointi asiye na bajeti

KALAMU YA ALHAMISI
Na Zuhura Mkwizu

Barua inafika halmashauri: teueni fokali pointi wenu wa lishe, jina litufikie kabla ya Ijumaa. Mkurugenzi anaipitia harakaharaka, anaandika pembeni jina la afisa mmoja, faili linarudi masijala. Afisa mwenyewe tayari ni fokali pointi wa jinsia, wa UKIMWI, wa mabadiliko ya tabianchi na wa maafa. Hajapunguziwa kazi wala hajaongezwa senti. Alichoongezwa ni mialiko ya semina.

Neno hili la Kiingereza, "focal point", tumelipokea ofisini bila kuliuliza kwao ni wapi. Lina ukoo wa heshima. Kwa Kilatini "focus" ni jiko la nyumbani, pale moto unapokokwa na watu wakaketi kuuzunguka. Waitaliano wakasema "fuoco" na Wafaransa "feu", na wote humaanisha moto. Mwaka 1604 Johannes Kepler, bingwa wa falaki wa Kijerumani, alikuwa anaandika kitabu kuhusu mwanga na jicho, akalichukua neno hilo kuita nukta maalumu ndani ya maumbo kama duaradufu. Sababu si ngumu kuikisia. Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia anaijua nukta hiyo: miale iliyotawanyika inakutana mahali pamoja, na pale panaungua.

Kepler huyohuyo, mwaka 1609, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba Mirihi hailizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa duaradufu. Sasa, duaradufu ina nukta hizo, yaani fokasi, mbili. Kwenye moja lipo jua, na hilo ndilo linaloivuta sayari. Ya pili ni tupu. Imo kwenye mchoro, wanafunzi wanaiwekea alama kwenye mtihani na kupata maksi, lakini ukienda pale hukuti kitu, na hakuna sayari inayovutwa nayo.

Serikali zetu zimejaa fokasi ya pili.

Sisemi cheo hiki hakina kazi popote. Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007, zinaitaka kila nchi mwanachama iwe na fokali pointi ya kitaifa. Na zimeeleza maana yake: ni kituo, si bwana fulani mwenye simu mbili. Kituo hicho sharti kipatikane wakati wote kwa mawasiliano na Shirika la Afya Duniani. Likizuka tukio, nchi ina saa 48 za kulipima uzito. Ikionekana linaweza kuwa dharura ya kimataifa, taarifa itumwe ndani ya saa 24. Waliokuwapo Kagera Machi 2023, virusi vya Marburg vilipoingia Bukoba Vijijini, hawahitaji kuelezwa saa hizo zina thamani gani.

Hata huko juu, hata hivyo, walikwama. Marekebisho ya kanuni hizo yaliyopitishwa Juni 2024 yameongeza chombo kingine kando ya fokali pointi, nacho kimepewa jina la mamlaka ya kitaifa, kazi yake kuratibu utekelezaji. Mimi naisoma hivi: baada ya karibu miaka ishirini, mataifa yamekiri kwamba mpokea simu na mwenye kauli ni watu wawili.

Wafadhili nao wasijifiche nyuma ya wakurugenzi. Kila mradi unakuja na fokali pointi wake. Kwenye fomu kuna kisanduku cha jina, jina likijazwa kisanduku kinahesabiwa kuwa mafanikio, ripoti inapanda Nairobi au Geneva, na hakuna anayerudi kuuliza mwenye jina alikula nauli ya nani alipokwenda vijijini. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 nao, katika ibara ya 33, unataka kuwe na fokali pointi ndani ya serikali. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Mzazi mwenye mtoto asiyeona anayezungushwa kutoka dirisha hadi dirisha akitafuta shule, sidhani kama amewahi kuelekezwa kwa fokali pointi huyo.

Wapo watakaoniambia tatizo ni Kiingereza. Si Kiingereza peke yake, ingawa kinasaidia kuficha. Tunalo neno mratibu, nalo lina usumbufu mzuri: mtu akijitambulisha kuwa mratibu, mkutano mzima utamuuliza anaratibu nini, na nani, kwa fedha ipi. Akisema ni fokali pointi, anapigiwa makofi na kuonyeshwa kiti.

Ombi langu kwa wakurugenzi ni moja. Barua nyingine ikija, kabla ya kuandika jina, andikeni mtu huyo atatoa siku ngapi za wiki kwa kazi hiyo, atatumia kifungu gani cha bajeti, na idara zipi zitalazimika kumsikiliza. Mkikosa cha kuandika, mjibuni aliyeandika barua kwamba halmashauri haina fokali pointi. Angalau mtakuwa mmesema kweli.