Tutembee milimani kwa akili

Kupanda vilima pamoja na watoto ni furaha kubwa: mwili hupata nguvu, na macho hushiba uzuri wa nchi. Lakini sisi tutembeao kando ya ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, tusisahau mazuku. Ni hewa mbaya itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa tuivutayo, kwa hiyo hulala mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani wala hainuki. Mtu mzima aliyesimama aweza kupumua vema, hali mtoto achezaye miguuni pake anazimia. Tukiona ndege au mbuzi amekufa shimoni, tusishuke kumtazama. Tupite juu, tukiwashika watoto mikono.