Kugeuza magari kiholela: Faini pekee haitoshi

Katika barabara kuu za Dar es Salaam, zikiwamo za Morogoro, Nyerere na Mandela, si jambo geni kuona gari likivuka mstari mweupe usiokatika na kugeuka kurudi lilikotoka, huku madereva wa upande wa pili wakilazimika kufunga breki ghafla. Kosa hilo limezoeleka kiasi kwamba baadhi ya madereva huliona kuwa ni njia ya mkato tu ya kukwepa foleni.

Hata hivyo, hatari yake si ndogo. Nchini Tanzania magari hupita kushoto, hivyo anayegeuza hukatiza kulia, mbele ya magari yanayomjia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Daladala inayoshindwa kugeuka kwa mara moja huziba njia kwa sekunde kadhaa. Muda huo unatosha mwendesha bodaboda na abiria wake kuigonga ubavuni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari mamlaka ya kumwandikia dereva faini ya papo hapo, na anayepinga kosa anaweza kwenda mahakamani. Kwa miaka mingi faini hiyo imekuwa Sh30,000 kwa kosa moja. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza kiwango cha bodaboda na bajaji hadi Sh10,000.

Hapo ndipo penye tatizo. Nafuu hiyo ilitazama aina ya chombo, si uzito wa kosa. Dereva ambaye taa yake ya nyuma imeungua na yule aliyegeuza basi lenye abiria mbele ya magari yaendayo kasi wamekuwa wakitozwa kiasi kilekile. Makosa yakipimwa kwa mizani moja, dereva hujifunza kwamba yote ni madogo. Kenya ilifuata njia nyingine mwaka 2016, pale kanuni zake za makosa madogo ya barabarani zilipopanga faini kuanzia Sh500 hadi Sh10,000 za nchi hiyo, kulingana na kosa.

Pamoja na hayo, kupandisha faini pekee hakutamaliza tatizo. Dereva anayejua kuwa askari hayupo haogopi ukubwa wa faini, na faini kubwa inayotegemea uamuzi wa mtu mmoja kando ya barabara hufungua mlango wa rushwa. Kamera zingepunguza mwanya huo.

Barabara zenyewe nazo zina sehemu yake. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo, la mwaka 2021, yalipunguza msongamano katika makutano hayo. Lakini dereva aliyepitwa na mahali pa kugeuzia, bila kibao cha kumwonyesha pengine pa kugeukia, hushawishika kukata palipo karibu. Kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi, kishawishi hicho humweka mbele ya basi lililojaa abiria.

Kwa hiyo, mamlaka husika hazina budi kutenganisha makosa yanayoua na yale ya kawaida, kuonyesha mapema mahali halali pa kugeuzia na kuinua kingo za katikati ya barabara. Bila hayo, Sh30,000 itaendelea kuonekana kama nauli ya njia ya mkato.