Kama wabiru wangegoma

Kwenye baa ya maziwa huku Masoro, hatua chache kutoka ukanda maalumu wa viwanda, vijana wa chuo walikuwa wakibishana: Uingereza ingekuwaje kama Charles I asingekatwa kichwa mwaka 1649, Bunge likabaki chini ya kiti chake? Swali tamu, ila mbona waende mbali hivyo na Nyanza, makao ya wafalme wa Rwanda, iko hapa? Mwami wetu hakuwa na bunge la kumfunga mikono, lakini mrithi wake alitangazwa na wabiru, watunza siri za ufalme, waliohifadhi mambo yote kichwani. Wabelgiji ndio waliokiuka utaratibu huo: mwaka 1931 walimwondoa mwami Musinga, wakamsimika mwanawe Rudahigwa bila wabiru kuulizwa. Halafu ikaja Julai 28, 1959, pale Mwima. Rudahigwa alikuwa amefariki ghafla Bujumbura siku tatu kabla, gavana wa Kibelgiji Jean-Paul Harroy amehudhuria mazishi, na hapo hapo kaburini wabiru wakamtangaza Kigeli V kuwa mwami mpya. Harroy akakubali, angefanyaje, mbele ya umati ule? Mimi naona ujasiri ule ulichelewa miaka 28. Sisemi mwami mwenye nguvu angekuwa malaika, na manung'uniko ya wananchi dhidi ya machifu yalikuwa ya kweli. Lakini wabiru wangegoma 1931, pengine kura ya maoni ya Septemba 1961 ingewauliza watu kuhusu ufalme wao wenyewe, si kuhusu kiti ambacho mkoloni alishakigeuza tawi la ofisi yake.