Jicho Haliwezi Kungoja Matatu

Iwapo kuna jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kemia hapa Kaloleni, Voi, alijue kabla ya kushika chupa ya hidroksidi ya sodiamu, ni hili: jicho lililoingiwa na kemikali huokolewa na maji, tena papo hapo.

Nasema hivi kwa kuwa desturi yetu ni kinyume. Fundi akirukiwa na chokaa, au kijana wa gereji akirukiwa na asidi ya betri, wenzake humfunga leso usoni na kumkimbiza Hospitali ya Moi. Wema huo huweza kumpofusha. Asidi hugandisha protini za uso wa jicho, na aghalabu utando huo huizuia kiasi isipenye zaidi. Alkali haizuiliki hivyo. Huyageuza mafuta ya seli kuwa sabuni, ikazidi kuzama ndani dakika baada ya dakika. Chokaa na saruji, tunavyovidharau kwa mazoea, ni alkali.

Niliwahi kuulizwa na mwalimu mwenzangu kama haifai kuizima alkali kwa siki, maadamu ndivyo tunavyofundisha ubaoni. Haifai kabisa. Tendo hilo hutoa joto, na kutafuta siki ni kupoteza wakati. Kope zishikwe wazi kwa vidole, kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia, maji yamiminwe polepole kutoka puani kuelekea sikioni, huku mgonjwa akizungusha mboni. Chembe za chokaa zilizojificha chini ya kope sharti zitolewe. Kazi hii iendelee kwa nusu saa hivi, ndipo safari ya hospitali ianze. Huko daktari atapima kwa karatasi ya rangi, ile ile tuitumiayo maabarani, na kuosha tena mpaka kipimo kikaribie 7. Mate ya swila, nyoka tunayemfahamu sana sisi majirani wa Tsavo, nayo huoshwa kwa maji vivyo hivyo.

Lakini maji yenyewe yako wapi? Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, hupitia eneo letu likielekea Mombasa, ilhali nimeingia maabara ambamo mfereji ukifunguliwa hutoa mlio tu. Kiwango cha Marekani cha vifaa vya kuoshea macho hutaka lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15. Hizo ni lita 22 na nusu. Mtungi wa lita 20 uliowekwa pembeni, ambao mara nyingi ndio huo huo wa kuoshea vyombo, hautoshi hata kwa mwanafunzi mmoja.

Ombi langu kwa walimu wakuu si la gharama kubwa: pipa la lita 100 lenye bomba na mpira mfupi katika kila maabara, lijazwe maji safi na lisiguswe kwa shughuli nyingine. Mwalimu alikague kabla ya kugawa asidi na alkali. Likiwa tupu, zoezi liahirishwe.

Nitaambiwa kwamba mtihani wa kitaifa hauahirishwi. Ni kweli. Lakini kemikali za mtihani huo hununuliwa majuma kadhaa mapema, na risiti zake huhifadhiwa kwa uangalifu. Mkokoteni wa maji unaweza kuagizwa siku iliyotangulia.