Jangili ni nani?

Waandishi wenzangu, acheni mchezo! Kila hadithi mnayoniletea, mwenye upinde ni jangili tu. Kiangazi kilipokaza, Waata wa Mto Galana waliwinda ndovu kwa mishale ya sumu na upinde mzito (wewe na mimi hatuuvuti ng'o). Kijana alifunzwa na babake, nyama ikaliwa na ukoo mzima. Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Tsavo. Miaka ya 1950 wengi wakasombwa jela. Tajiri mwenye bunduki na leseni yeye akabaki "mwindaji" hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Pembe Waata waliuza, sikatai. Tajiri je, alizitupa? Mbona hadithini mwenu jangili hana hata baba?