Jani Lisilo na Jina

Tupendapo kujisifu sisi watu wa mwambao, jambo la kwanza tulitajalo ni lugha. Twasema Kiswahili ni chetu, kimekulia Lamu na Mvita na Unguja, na wenzetu wa bara wamekuja kukiazima tu. Haya, na iwe hivyo. Lakini mchukue kijana wa leo wa Mji wa Kale, Mombasa, au wa Malindi, umpeleke kwenye kichaka kilicho nyuma ya nyumba yao, kisha umwulize: hili ni jani gani? Atakujibu kwamba ni majani. Ukimshikilia sana atasema ni aina ya majani. Wala usimlaumu peke yake, kwani ndivyo zilivyo hata kamusi zetu. Mara nyingi ukitafuta jina la mti usioujua utapewa maneno matatu tu, "aina ya mti", na habari yake imekwisha.

Leo nataka nimtembeze msomaji mahali ambapo pengine hakutarajia kupelekwa kwa ajili ya jambo hili. Ni Kisumu Ndogo, Kibera, katika jiji la Nairobi. (Kwingineko nako wako walioiita sehemu yao kwa jina hilo hilo, maana Mjaluo haendi mbali bila ya kuuchukua mji wake.) Sisi wa Pwani twaijua Kibera kwa sifa mbaya za magazetini: mabati, matope na fujo za uchaguzi. Wachache hukumbuka kwamba reli itokayo kwetu Mombasa, ile iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901, inapita katikati ya Kibera. Wala hatukumbuki sana kwamba wenyeji wa mwanzo wa makazi hayo ni ndugu zetu Waislamu, Wanubi, askari wa K.A.R. na watoto wao, waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ardhi ya jamii yao. Neno lenyewe Kibra, katika Kinubi, maana yake ni msitu. Basi mji ule ambao leo huoni mti ila kwa kuutafuta, jina lake ni msitu.

Fika Kisumu Ndogo baada ya alasiri, wakati watu wanaporudi kazini kwa miguu. Wanawake wametandika magunia kando ya njia na juu yake wamepanga mboga mafungu mafungu. Sisemi sukuma wiki, ambayo ipo kila pahali, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo mboga iliyopewa jina zuri kuliko zote katika Kiswahili cha Nairobi. Nasema zile mboga ambazo asili yake ni magugu ya kondeni, zinazoota zenyewe mvua ikinyesha. Niliposimama mbele ya mama mmoja nilihesabu mafungu sita, na mbele ya macho ya mgeni yote ni kijani kimoja. Yeye aliyataja bila ya kuinua kichwa: osuga, dek, apoth, ododo, mitoo, boo. Akaja mnunuzi Mkikuyu, osuga ikageuka managu. Akaja Mkisii, dek ikawa saga. Kwa Mluhya apoth ni mrenda. Mkono wake haukuacha kufunga vifungu hata mara moja, na ulimi wake ulikuwa ukibadilisha kabila kwa kila mteja.

Nikamwambia, "Mama, hii osuga yako kwetu ni mnavu."

Akacheka. "Kumbe, mzee, na nyinyi wa Pwani mnakula mboga hizi?"

Swali hilo halikuwa na ubaya wowote, lakini limenikaa rohoni tangu siku ile. Mama huyu amewauzia watu wa makabila yote ya Kenya na kila mmoja amemfundisha jina la kwao. Jina la Kiswahili cha Pwani hakuna aliyewahi kumfundisha, ingawa lugha anayouzia mboga zake ni Kiswahili.

Na majina hayo tunayo. Osuga ni mnavu. Apoth ni mlenda. Ododo ni mchicha. Mitoo ni katika jamaa ya marejea, ambao wakulima wa Tanzania huupanda kurutubisha ardhi. Boo ni majani ya kunde. Na dek, ile chungu ambayo Wajaluo huipika kwa maziwa, ni mgagani. Mgagani una jina la pili ambalo kila mtu aliyepita chuoni na atege sikio alisikie vizuri: mkabilishemsi. Shemsi ni jua. Mkabilishemsi ni mmea ulielekeao jua. Fikiri, ndugu msomaji, ni nani aliyelitunga jina lile. Hakuwa na darubini wala shahada. Alikuwa mtu wa pwani hii hii, akakaa akautazama mmea mmoja wa kondeni asubuhi mpaka jioni, kisha akachukua maneno mawili yenye asili ya Kiarabu akayafunga pamoja kwa kiambishi cha Kibantu yakawa neno moja. Mimi nimetunga mashairi zaidi ya miaka thelathini, na sidhani kama nina neno moja lililokaa sawa namna hiyo.

Sisi washairi, tukiwa tumelifikia jambo hilo, tuna sehemu yetu ya lawama. Maua tunayoyataja ni yale yale: asumini, waridi, kilua, mlangilangi, na mrehani kwa ajili ya kikuba. Kila chenye harufu ya harusi kimepata beti zake. Mnavu na mchunga, vilivyowalisha watu mwaka wa njaa, hakuna aliyeviimbia. Mchunga tuliufanya chakula cha fukara, kitu cha kula mlango ukiwa umefungwa. Siku hizi wako watu wenye maradhi ya sukari wanaoutafuta kwa kuamini kwamba uchungu wake ni dawa (sisemi ndiyo wala la, waulizeni matabibu), na wanaotumwa kuuchuma hawaujui ukiwa umesimama mbele yao.

Hapo ndipo panapotisha. Wakati ule ule nilipokuwa nazungumza na mama wa Kisumu Ndogo, aliufungua mzigo mmoja, akavuta jani moja kutoka katikati, akalinusa, akalitupa kwenye mtaro. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hii si yake." Hakuniambia ni nini, ila kwamba si mwenziwe na yale mengine. Jani lilifanana na mengine kwa rangi na karibu kwa umbo. Alilijua kwa harufu na kwa kulipapasa. Elimu hiyo ndiyo inayotenganisha chakula na sumu.

Msomaji asidhani nazidisha. Ule mmea tunaouita mnanaha, wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miba, huota majaani na kando ya mashamba kote Afrika Mashariki. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua ghafla baada ya kunywa uji wa unga wa msaada: akili ziliwapotea, wakachanganyikiwa, na watano wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa umechanganyika na sumu ya mimea ya jamaa ya mnanaha. Unga ukishasagwa hakuna jicho la mama awezaye kuuchambua. Lakini mnanaha shambani, kabla ya mavuno, wajulikana na yeyote aliyefundishwa kuujua. Jina la mmea kama huo, pamoja na onyo lake, si pambo la lugha. Ni kinga.

Sasa inua macho. Kutoka sehemu za juu za Kibera, siku ya anga safi, waona upande wa magharibi ya kusini migongo ya vilima vya Ngong. Huko ndiko wendako vijana wa Nairobi siku za mapumziko, kwa mamia, kupanda kilima baada ya kilima hadi kileleni, ambako ni zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari. Na wana wa Pwani waliohamia Nairobi kwa masomo na kazi wamo. Ni jambo jema. Mwili unapata afya na macho yanapata kuona. Njiani kuna vichaka vya leleshwa, mti mdogo wenye majani ya rangi ya kijivu, chini meupe. Usugue mkononi na kunusa: ni kafuri! Wataalamu wenyewe wameutia kafuri katika jina lake la Kilatini. Mwislamu gani wa Pwani asiyeijua kafuri, kutoka Kurani ambako imetajwa katika kinywaji cha watu wema, hadi kwenye maiti anayeoshwa? Lakini kijana wetu anaupita mti ule akidhani ni kichaka tu. Akisonga mbele akakuta mzeituni mwitu, ambao Wamasai hufukiza vibuyu vyao vya maziwa kwa kuni zake, nao ataupita vile vile, na kesho yake atasoma Suratut Tin, ambamo Mola ameapa kwa mzeituni, bila ya kujua kwamba jana aliuegemea.

Vijana wengi hubeba simu ambayo ukiipigia picha jani hukutajia jina. Mimi sina ugomvi nayo. Nimeiona ikifanya kazi, na mara nyingi husema kweli. Ila husema kwa Kilatini na Kiingereza, na haikuambii kwamba jani hili huchemshwa likamwagwa maji ya kwanza, wala kwamba tunda la mnavu halifai kuliwa likiwa bichi. Mchunga mbuzi wa Kimasai aliyekaa kando ya njia anayajua ya leleshwa kuliko simu. Kinachohitajika ni salamu na kuuliza kwa adabu.

Wajaluo, na hili lazima tuwape haki yao, hawakuyaacha maarifa haya yakae kwa akina mama peke yao. Mwana wao, Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1972 kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo na matumizi yake. Mwaka 1976 akatoa kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1998, pamoja na mwenziwe Timothy Johns, akaongeza kamusi ya Kijaluo ya viumbe hai. Mtu wa kwao, mwenye elimu ya kwao na ya Wazungu, alikaa kitako akayaandika. Na sisi? Kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili ambayo watafiti wameitegemea kwa miaka mingi ni ile ya P. J. Greenway, iliyotolewa mwaka 1940, alipokuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani katika milima ya Usambara. Mzungu. Namshukuru, kwani bila yake mengi yangepotea. Lakini aliyekuwa akimjibu maswali yake ni nani, kama si wazee wetu? Walijua wao, akaandika yeye, tukasahau sisi.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya kale, kwamba lugha hukua, na ikiwa watu wa Nairobi wamechagua managu badala ya mnavu, basi managu ndilo neno. Sina neno na managu. Lugha ya taifa haina budi kuchota katika visima vingi, na siku ambayo leleshwa litaandikwa katika kila kamusi ya Kiswahili nitafurahi. Ninalolipinga ni kwamba siku hizi hata Mombasa kwenyewe, sokoni Kongowea, utasikia mtoto wa Kiswahili akiitisha managu kwa sababu hilo ndilo alilolisikia kwa muuzaji, na bibi yake yuko nyumbani na neno mnavu kinywani hajaulizwa. Neno halikushindwa. Halikuitwa shaurini.

Tulisoma utotoni kwamba Adamu alitukuzwa mbele ya malaika kwa kufundishwa majina. Vyuo vyetu vya Kurani karibu vyote vina uwanja, na uwanjani mna magugu. Mwalimu angewapa watoto nusu saa kwa juma, kila mmoja alete jani moja na jina lake alilopewa na bibi yake, na likaandikwa kwa herufi zozote apendazo, za Kiarabu au za Kirumi. Jani likaushwe katikati ya gazeti, hata hili, chini yake liandikwe pahali lilipochumwa na mwaka. Hivyo hivyo ndivyo wafanyavyo mabingwa katika hazina ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na sasa iko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako wakusanyaji wengi wa zamani waliandika kando ya jani lililokauka lile jina walilotajiwa na mwenyeji aliyewaongoza njia.

Na wale wanaotunza njia za kupandia milima, kuanzia Ngong hadi Shimba yetu ya Kwale, ningewaomba kitu kidogo. Kibao kikipigiliwa kwenye mti, chini ya Kilatini na Kiingereza iachwe nafasi ya mistari miwili: mmoja wa jina la wenyeji wa pale, Wamasai au Wadigo au wengineo, na mmoja wa Kiswahili. Rangi na ubao vyapatikana. Majina waulizwe akina bibi upesi, kwani wanaoyajua wote wana umri.